Reli Ikikamilika, Fundi Anakwenda Wapi?



Hotuba za kuweka jiwe la msingi zina mpangilio wake. Kwanza hutajwa urefu wa mradi, halafu gharama, halafu jina la mkandarasi. Kabla kitambaa hakijafunuliwa, msemaji hutangaza kwamba mradi utaleta ajira elfu kadhaa kwa vijana wetu. Makofi hupigwa, akina mama hupiga vigelegele, ngoma inaingia. Mimi huwa nasubiri maelezo ya pili: ni ajira za namna gani, za muda gani, na mwenye ajira hiyo atakuwa nani siku mkandarasi atakapofungasha mitambo yake na kuhamia mkoa mwingine. Maelezo hayo huwa hayaji. Basi leo tuyatafute wenyewe.

Nianze mbali kidogo, na reli ya TAZARA. Wengi wenu mnaijua hadithi yake kwa upande wa siasa. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, Zambia ikabanwa kwa sababu shaba yake ilipita kusini, wakubwa wa Magharibi pamoja na Benki ya Dunia wakasema reli ya kuelekea Dar es Salaam haitalipa, na China ikakubali kutoa mkopo usio na riba. Makubaliano yalitiwa saini Beijing mwaka 1967, ujenzi ukaanza 1970, na mwaka 1976 reli ikakabidhiwa rasmi: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, mahandaki 22, madaraja zaidi ya 300. Hayo yameandikwa na kuhutubiwa mpaka basi. Wasiosimuliwa sana ni watu walioshika sululu.

Kazi ilipopamba moto, mwaka 1972, kulikuwa na Waafrika wapatao 38,000 na Wachina wapatao 13,500 kwenye njia hiyo. Vijana wengi waliotoka vijijini walikuwa hawajawahi kuona mashine ya kuchanganyia zege, sembuse kutoboa mlima. Hapakuwa na nafasi ya kuwapeleka wote darasani miaka miwili, kwa hiyo mafunzo yakawa palepale kwenye kifusi. Fundi wa Kichina anafanya, kijana anatazama. Kijana anafanya, fundi anatazama. Mazungumzo yao yalikuwa ya vidole, michoro ya ardhini na maneno machache ya kuokoteza kutoka pande zote mbili. Aliyeonekana ana mkono mwepesi alipewa kikundi akawa msimamizi wa wenzake. Kipande cha Mlimba hadi Makambako, pale reli inapoacha Bonde la Kilombero na kuanza kupanda kwenda nyanda za juu, ndicho kilichotoa mafundi wengi, kwa kuwa ndicho kilichokuwa kigumu: mvua, tope, milima inayoporomoka, handaki baada ya handaki.

Huku hayo yakiendelea, mwaka 1972 vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea reli, wakarudi mwaka 1975 tayari kwa kazi. Mpika, upande wa Zambia, kikawekwa chuo cha mafunzo. Karakana kubwa zikajengwa Mpika na Dar es Salaam. Tazama namna jambo lilivyopangwa: reli na watu wa kuiendesha vilikuwa vinajengwa kwa wakati mmoja, na fedha ya kimoja haikusubiri kingine kimalizike. Sisemi mpango ule ulikuwa hauna dosari. Kambi zilikuwa ngumu, kazi iliua watu, wakiwamo Wachina ambao makaburi yao yapo Gongo la Mboto mpaka leo. Lakini aliyeupanga alijua kwamba siku moja Mchina ataondoka, na treni itahitaji mtu wa kuilaza na kuiamsha.

Kilichofuata ndicho kinachonihuzunisha zaidi. Mwaka 1979 yakaja maporomoko ya ardhi, na majeshi ya Rhodesia yakalipua daraja la Chambeshi. Miaka ya 1980 wataalamu wa Kichina wakaitwa tena kusaidia uendeshaji. Miaka ya 1990 Afrika Kusini ikabadilika, mizigo ya Zambia ikapata njia nyingine, na malori yakaongezeka barabarani. Reli iliyosanifiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka ilifika mwaka wa fedha wa 2014/15 ikibeba tani ambazo hazikutimia laki moja. Mishahara ikachelewa, migomo ikafuata. Sasa fikiria karakana yenye vichwa vichache vya treni vinavyotembea. Ufundi wa reli hurithiwa kazini: kijana hujifunza breki kwa mzee anayetengeneza breki. Treni zikipungua, ajira mpya zinasimama, wazee wanastaafu bila mtu wa kuwapokea spana, na chuo kinabaki na madawati. Ule mtaji wa watu, uliogharimu kama daraja, uliondoka kidogo kidogo kwa barua za kustaafu. Septemba 2024 marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia Beijing hati ya makubaliano ya kuifufua reli hii. Watu waliuliza kuhusu mabehewa na mwendo. Mimi nilitaka kujua orodha ya watakaofundishwa, na nani atawafundisha.

Tuje kwenye miradi ya siku zetu, ambayo kwa kweli ni mikubwa. Reli ya kisasa iliwekewa jiwe la msingi Aprili 2017, na Juni 2024 abiria wakaanza kupanda treni ya umeme kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, mwezi uliofuata wakafika Dodoma. Rufiji kuna Bwawa la Julius Nyerere, mitambo 9, megawati 2,115. Mwanza kuna daraja la Kigongo na Busisi, kilomita 3 juu ya maji, lililofunguliwa Juni 2025. Kila mmoja wa miradi hii uliajiri watu kwa maelfu wakati wa ujenzi. Lakini bwawa likishajaa maji haliwataki wale wabeba zege. Linataka watu wachache wanaokaa mbele ya kompyuta, na wengine wachache wa kukagua mitambo. Daraja linataka wachache zaidi. Ndivyo vitu hivi vilivyo, hakuna wa kulaumiwa, ila tusijifanye hatukujua.

Nenda kwenye lango la kambi yoyote ya ujenzi saa kumi na mbili asubuhi. Vijana wamekaa juu ya mawe na ndoo zilizopinduliwa, wengine wamekuja na kofia ngumu walizobaki nazo kutoka mradi mwingine, rangi tofauti, nembo za kampuni zimefutika nusu. Msimamizi anatoka na karatasi. Anataka kumi na wawili wa zege, wanne wa nondo. Anaita majina anayoyajua, halafu ananyoosha kidole: wewe, wewe, na yule mwenye fulana nyekundu. Waliobaki hawaondoki. Wanajua saa mbili anaweza kutoka tena kwa kuwa mmoja hakufika. Pembeni mama lishe ameshaepua maandazi, chai imechemka, na daftari lake la madeni lina majina mengi kuliko karatasi ya msimamizi.

Yule wa nondo tumfuate kidogo. Akikaa kwenye nguzo za daraja mwaka na nusu, anatoka mtu mwingine kabisa. Anasoma mchoro. Anajua nondo ya milimita 16 inakwenda wapi na ya milimita 25 inakwenda wapi, na kwa nini huwezi kuzibadilisha hata kama stoo imeishiwa. Anajua nafasi ya kuacha kati ya nondo na uso wa zege ili unyevu usipenye kutu ikaanza. Ana macho ya kuona ringi iliyolegea akiwa amesimama mbali. Ujuzi huo ungemgharimu ada ya chuo, naye amelipwa kuupata. Mradi unaisha. Anaondoka na buti, na picha kwenye simu. Picha ndiyo cheti chake. Anafika kwa mkandarasi mwingine anamwonyesha: bosi, nguzo hii nilifunga mimi. Bosi anaitazama picha, anamtazama yeye, anamwambia aanze kama saidia fundi, tutaona. Malipo yanarudi yalikokuwa mwanzo.

Hapa ndipo nasema nchi inatupa mali. Tumelipia mafunzo ya mtu huyu kwa mkopo ambao wajukuu watasaidia kuulipa, halafu tumeshindwa kumpa karatasi. Na utaratibu upo! VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inao mpango wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi aliyejifunzia mtaani au kazini anapimwa akiwa na zana mkononi, anaonyeshwa mapungufu yake, anafundishwa yale machache asiyoyajua, anapewa cheti. Mpango mzuri sana. Shida ni kwamba anayetakiwa kuutafuta ni fundi mwenyewe, na siku ya kupimwa ni siku ambayo hatakuwa na kibarua. Kwa nini mtahini asimfuate kambini? Weka mstari mmoja kwenye jedwali la kazi na bei, palepale panapoandikwa kokoto na saruji: kupima na kutoa vyeti kwa mafundi kadhaa kila mwaka wa mradi, bei yake hii. Mkandarasi ataweka bei, ataifanya, atadai malipo. Wakandarasi hufanya kile wanacholipwa kufanya. Ukiwaachia mafunzo yabaki kwenye aya ya nasaha, yenye maneno kama "kuhamasisha" na "kadiri itakavyowezekana", usishangae ukiambiwa haikuwezekana.

Wala tusiseme fedha hakuna. Waajiri hapa nchini hutozwa tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL, inayokatwa kwa asilimia ya mishahara wanayolipa. Miaka ya nyuma ilikuwa asilimia 6, ikapunguzwa hatua kwa hatua hadi asilimia 3.5 mwaka 2023. Sehemu yake ndiyo inayoiendesha VETA. Mkandarasi mwenye wafanyakazi mia nane kwenye daraja anaichangia. Wale mia nane wanapata nini moja kwa moja kutokana nayo? Ningependa kumsikia mbunge akiuliza hivyo.

Treni ya umeme imeleta jambo jingine. Nyaya za juu, vituo vya kupozea umeme, ishara zinazoongozwa na kompyuta: hivi hujifunzi kwa kutazama vidole. Vinataka mtu aliyekaa na hesabu na fizikia, halafu akae karakanani miaka. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo na chuo cha reli cha Tabora vina kazi kubwa, na vinastahili vifaa vya kufundishia vinavyofanana na vilivyoko kwenye njia. Kijana aliyefundishwa kwa injini ya dizeli ya babu yake hataweza kumpokea mtaalamu wa kigeni usukani.

Sasa nani anafika langoni? Nilisema vijana. Wasichana ni wachache, na ukiwakuta ndani, mara nyingi wamewekwa kwenye bendera za kuongozea magari, kufagia, kubeba maji na kupika. Si kwamba hawawezi. Kazi imepangwa kwa mtu asiye na mtoto mgongoni, asiye na shamba la kupalilia, na anayeweza kulala kambini majuma matatu. Kambi haina choo cha wanawake, halafu ripoti inasema wanawake hawakujitokeza.

Kenya walifanya jambo ambalo mpaka leo nalitolea mfano. Mwaka 1974 walianza mpango wa barabara za vijijini, Shirika la Kazi Duniani likiwa mmoja wa wasaidizi wao. Barabara zikajengwa kwa mikono ya wakulima wanaoishi kando yake, mashine chache tu, kwa miaka kadhaa mpaka zikafika kama kilomita 8,000. Kazi ya namna hii hugawanywa kwa vipande: meta zako za mtaro ni hizi, ukimaliza nenda zako. Mama aliyeanza alfajiri anakuwa amemaliza kabla ya saa sita, anawahi shamba, na watoto wakitoka shule wanamkuta. Saa zenyewe ndizo zilizomfungulia mlango, kabla ya hotuba yoyote ya jinsia. Kisii kikawa na chuo cha njia hii, na wahandisi wa nchi nyingi za Afrika walikwenda kujifunza huko. Sisi tulikiweka chetu Mbeya.

Lakini kilichonivutia zaidi ni walichofanya barabara ilipokwisha. Walichukua baadhi ya wale waliojenga, wakampa kila mmoja kipande kilicho karibu na nyumbani kwake akitunze: afyeke, azibue mitaro, azibe mashimo yakiwa bado madogo. Alilipwa kwa siku chache za kazi kila juma. Huyo hakumaliza ajira mradi ulipofungwa. Na alikuwa na sababu nyingine ya kuifanya vizuri, maana hiyo ndiyo njia anayopitishia maziwa na mgonjwa wake.

Sitaki mtu anielewe vibaya. Hatuwezi kujenga reli ya kasi kwa majembe, na mtu asituuzie umaskini kwa jina la ajira. Kushindilia tabaka za barabara kuu kunataka mashine. Ila kujenga kingo za mawe, kuchimba mitaro, kutengeneza kalavati ndogo na kupanda nyasi za kuzuia mmomonyoko ni kazi ya mikono iliyofundishwa, na mara nyingi mikono huifanya vizuri kuliko greda.

Kuna usawa mwingine, wa mahali na mahali. Mradi huweza kuleta ajira nchini na kuziondoa mjini kwenu. Mombasa wanalijua hili. Reli yao mpya ilifunguliwa Mei 2017, ikaanza na abiria, na mizigo ikafuata. Agosti 2019 ikaja amri kwamba makontena yanayokwenda bara yapande treni na kutolewa ushuru Nairobi. Makaratasi yalitimia: reli ina mkopo wa kulipa, lazima ipate mizigo. Lakini kwa dereva wa lori, taniboi wake, fundi wa magurudumu wa Mariakani, mwenye hoteli ya Mtito Andei na makarani wa maghala ya Mombasa, ilikuwa riziki imehamishwa kwa kalamu. Watu wakaandamana Jumatatu kwa Jumatatu. Serikali mpya ilipoingia Septemba 2022, moja ya amri zake za mwanzo kabisa ilikuwa kurudisha shughuli hizo bandarini. Miaka mitatu, msikilizaji. Fundi wa magurudumu hawezi kuweka duka lake kwenye friji miaka mitatu akingoja uchaguzi.

Na sisi tusiwacheke. Kigongo na Busisi palikuwa na kivuko. Magari yalipanga foleni, na foleni ilikuwa soko. Samaki wa kukaanga, mahindi ya kuchoma, maji, karanga, vocha ya simu. Kulikuwa na watu waliosomesha watoto kwa abiria wanaosubiri. Daraja lile, lililogharimu zaidi ya shilingi bilioni 700, limefanya kazi iliyokusudiwa: mgonjwa hasubiri tena feri usiku, lori halilali. Nani mwenye akili atataka foleni irudi? Lakini basi halisimami tena. Mwuza samaki asiye na hati ya kitu chochote husahaulika kirahisi, maana fidia hufuata hati. Katika gharama ya bilioni 700, soko dogo lenye bomba la maji na mwanya wa mabasi kuingilia lingekuwa chenji.

TAZARA tena, kwa dakika moja. Kwenye bonde la Kilombero kulikuwa na treni ya taratibu iliyosimama kila kituo, wenyeji wakiiita Kipisi. Ilibeba ndizi, mpunga, kuku, na wafanyabiashara wa magunia mawili matatu ambao hakuna lori lingewafuata. Uongozi ulipotaka kufunga vituo vidogo kwa sababu haviingizi fedha, wanavijiji waliandika kupinga. Walikuwa sahihi. Kwa mpanga bajeti kituo kidogo ni hasara, kwa mama wa magunia mawili ndicho reli yenyewe. Treni yetu mpya inasimama Soga, Ruvu, Ngerengere, Mkata, Kilosa, Gulwe, vituo vya kupendeza kabisa. Nauli ya kawaida kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ilipoanza ilikuwa shilingi 13,000. Mwenye tenga la nyanya Ngerengere anahitaji behewa lake, la bei yake.

Nimefika kwenye jambo ninaloliona kubwa kuliko yote, na halina kitambaa cha kufunua: matunzo. TARURA peke yake ina dhamana ya zaidi ya kilomita 144,000 za barabara za vijijini na mijini. Nyingi ni za udongo na moramu. Barabara ya moramu haifi kwa uzito wa magari peke yake. Inauawa na maji. Nyasi zinaota mtaroni, mchanga unashika nyasi, kalavati inaziba. Mvua ya kwanza maji hayana pa kupita, yanapanda juu ya barabara. Gari linakanyaga palepale palipolowa, tairi linakata mfereji, maji ya mvua ya pili yanaufuata mfereji huo. Kufika Aprili unahitaji greda na lori arobaini za moramu, wakati Oktoba ulihitaji watu wanne wenye fyekeo na koleo kwa siku mbili.

Watu wanne wenye fyekeo na koleo, kila mwezi, kwa kila kipande: hiyo ndiyo ajira isiyohama na mkandarasi. Na imeanza. Mkoani Iringa na kwingineko TARURA imekuwa ikitumia vikundi vya wanakijiji, wengi wao wanawake, kufyeka, kuzibua na kuziba mashimo. Sheria ya ununuzi wa umma nayo inataka asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi itengwe kwa makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kenya wana kiwango hichohicho tangu 2013. Kwa maandishi, tumefika.

Tatizo linaanza baada ya kazi kufanyika. Kikundi cha akina mama kumi kinashinda kazi. Kinanunua buti, sululu, toroli mbili. Kinafanya kazi mwezi wa kwanza, mhandisi anakuja anakagua, anasaini. Kinapeleka hati ya madai ofisini. Kinangoja. Mkandarasi mkubwa akingoja ana benki. Kikundi kina Vicoba, na Vicoba vina riba na vina mwenyekiti anayepita nyumbani jioni. Malipo yakichelewa miezi mitatu, mama wa kwanza anaacha, wa pili anafuata, na mwaka ujao anayeomba kazi kwa jina la kikundi ni mfanyabiashara wa mjini aliyewakopesha. Asilimia 30 itasomwa kwenye ripoti kama ilivyo. Kwa maoni yangu, kama serikali inataka kupima usawa katika miradi yake, iache kuhesabu mikataba iliyotolewa, ihesabu siku zilizopita kati ya hati ya madai na fedha kuingia kwenye akaunti. Vikundi vilipwe ndani ya siku 14. Haitaki sheria mpya, inataka mhasibu aliyepewa amri.

Kwako wewe unayenisikiliza na mkandarasi ameshusha kambi kijijini kwenu. Mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila baada ya miezi mitatu. Nenda. Uliza mkataba unasemaje kuhusu mafunzo, kwa idadi, na ni akina nani kutoka hapa kijijini waliomo. Uliza nani atatunza barabara mwaka wa pili, na atalipwa lini. Mhandisi akikujibu kwamba hayo yapo Dodoma, mwombe mtendaji ayaandike kwenye muhtasari, kwa sababu muhtasari husomwa mkutano ujao.

Na wewe fundi uliye kambini, usiondoke na picha peke yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe hati ya utumishi ajira yako inapokoma. Idai kabla kambi haijavunjwa, hakikisha imetaja kazi uliyoifanya na tarehe zake, kisha upite nayo ofisi ya VETA iliyo karibu nawe.